Maswali Yenu: Maji Moto, Renti Moto Zaidi

Mwezi huu sijui nani amewasha moto huko nyumbani, barua zimejaa maji moto tupu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe anahitaji jibu kabla atie sahihi.

*

Habari Anti. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, naishi London, yani London yetu ya kule juu karibu na Menengai, si ile ya mfalme. Nimepita intavyuu ya hospitali moja Uingereza kwa mji unaitwa Bath. Mzee wangu anasema heri ningeomba Birmingham ama Manchester kwenye Wakenya ni wengi, ati Bath ni mji wa wazee na watalii na nyumba huko ni za matajiri. Mimi nimeona picha nikapenda, zile nyumba za mawe na mto, lakini picha si maisha. Kuna raha gani ya ukweli kuishi mji wa kihistoria wa maji moto kama huo? Watoto wetu wawili watanifuata baadaye. — Sista wa London, Nakuru

Sista, hongera kwanza. Mzee wako ako na ukweli nusu, ile nusu ya nyumba, na hio tutaifikia usijali. Lakini nusu ingine hajaiona kwa sababu haionekani kwa simu, mimi nimekaa huko nikisoma kwa hivyo acha nikueleze venye kuko.

Bath ni mji mdogo. Watu wake ni elfu tisini na kitu hivi, Nakuru yetu sensa ya 2019 ilipita nusu milioni. Kwa hivyo unatoka stesheni ya treni unatembea kwa miguu, dakika chache uko kwa kanisa kubwa, dakika chache tena uko kwa lile daraja la Pulteney lenye maduka juu yake, na maji ya mto Avon yanaanguka pale chini kwa ngazi za mawe. Mawe yenyewe si kama Ndarugu, yana rangi ya asali, na mji karibu wote umejengwa kwa jiwe hilo hilo moja, sasa jua la jioni likipiga unasimama tu barabarani na mifuko ya supamaketi mkononi unaangalia kama mgeni. Na uko pale mwaka wa pili.

Sasa sikiza, kwa sababu hapa ndipo raha yenyewe iko na watu wengi hawaishiki. Miaka ya 1700 matajiri wa Uingereza walikuwa wanaenda Bath kunywa na kuoga yale maji eti watibiwe baridi yabisi na mambo mengine ya kula sana. Kuoga ni saa moja, ama mbili. Siku iliyobaki wangefanya nini? Hawakuwa na kazi hao. Ndio wajenzi wakawajengea mji wa watu wasio na shughuli: barabara pana za kutembea mkiongea, kumbi za densi, thieta, bustani, mahali pa kukaa kuona nani amekuja na nani. Ile Royal Crescent unayoona kwa picha, nyumba 30 zimeshikana zikapinda kama mwezi mchanga, ilijengwa kati ya 1767 na 1774, na mbele yake ni nyasi tupu inashuka mpaka kwa bustani ya Victoria. Matajiri walienda zao, wengi walianza kupenda bahari wakahamia Brighton na kwingineko, mji ukabaki. Leo anayefaidi ni mtu kama wewe ametoka shifti saa mbili asubuhi miguu inauma, anapita bustanini bila kulipa shilingi, watoto wanakimbia kwa nyasi, kuna bendi inapiga mahali, na hakuna mtu anakuuliza umekuja kufanya nini. Hio ndio raha yake, yale maji yenyewe utayasahau baada ya mwezi.

Na si ati maji ni ya mchezo. Mvua inanyesha kwa vilima vya Mendip, inazama chini kilomita mbili na zaidi, inapikwa huko na joto la ardhi, halafu inapanda kwa ufa inatokea katikati ya mji ikiwa digrii 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, na haijawahi kungoja kaunti. Warumi walijenga hekalu na mabafu pale karibu mwaka 60 au 70 baada ya Kristo, na utaenda kuona, kama ni mkaazi kuna kadi ya wenyeji inaitwa Discovery inakuingiza bure, watalii wanapanga laini wakilipa wewe unapita. Ukifika usiharakishe kwa sanamu, tafuta vile vibati vya madini ya risasi. Wamevipata kama 130. Zamani ukioga ukatoka ukakuta nguo zako zimeibwa, ulikuwa unaandika laana kwa kibati, unakikunja, unakitupa kwa chemchemi mungu wa kike Sulis ashughulike na mwizi. Kuna mmoja aliibiwa glovu mbili. Glovu! Akaomba mwizi apoteze akili na macho. Mtu wa Pwani akisoma hapo anajua ni albadiri tu hio, na sisi wa huku tunajua mtu huyo angekuwa Gikomba angesema hivyo hivyo.

Kitu kingine hawatakuambia kwa TikTok. Mtaa unaitwa Newbridge, upande wa magharibi, kuna nyumba inaitwa Fairfield. Haile Selassie, ndio, yule wa Haile Selassie Avenue, aliishi pale kuanzia 1936 mpaka 1940 wakati Waitaliano walikuwa wamemfukuza Ethiopia. Alirudi akakomboa kiti chake, na 1958 akaipa nyumba mji wa Bath iwe ya wazee. Mpaka leo wazee wa jamii za Karibiani na Afrika na Asia wanakutana hapo. Kwa hivyo mzee wako akisema huko hakuna watu wetu mwambie kulikuwa na mfalme mzima. Ila pia usidanganywe na uzuri: baadhi ya pesa iliyojenga yale majumba ilitoka kwa mashamba ya watumwa. Ule mnara kule Lansdown ni wa Beckford, tajiri aliyekula pesa ya mashamba ya watumwa ya Jamaica bila kushika jembe.

Haya, sasa nusu ya mzee. Nyumba ni ghali, hapo hajakosea hata kidogo. Kuna yunivasiti mbili kwa mji mdogo, wanafunzi wanagombania vyumba na nyinyi, watalii nao wamechukua fleti zingine za kulala usiku mbili, na huwezi kujenga ghorofa popote utakapo kwa sababu mji wote ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1987, halafu 2021 ukaandikwa mara ya pili pamoja na miji mingine kumi ya maji moto ya Ulaya. Zile nyumba nzuri za mawe ndani ni baridi. Nasema baridi, si ya Nakuru Julai. Madirisha makubwa ya kioo kimoja, na landlodi hawezi badilisha bila ruhusa kwa sababu jengo limelindwa kisheria, fleti za chini ya ardhi zina kuvu kwa ukuta nyuma ya kabati. Ukienda kuona nyumba sogeza kabati. Wakuone mshamba, sogeza tu. Na uliza herufi ya nyumba, huko kila nyumba hupewa herufi kutoka A mpaka G kulingana na venye inakula stima na gesi, ukiambiwa F ama G toka na shukrani zako.

Dipositi isizidi wiki tano za renti kama renti yenyewe ni ya kawaida, hio ni sheria ya Uingereza tangu 2019, na agenti haruhusiwi kukulipisha kuona nyumba ama ya kuandika mkataba. Pesa hio lazima iwekwe kwa mpango maalum wa kulinda dipositi ndani ya siku 30, dai upewe karatasi ya kuonyesha iko wapi. Wageni wengi wanaliwa hapo kwa sababu wanadhani ni kama huku landlodi akishaweka mfukoni imeenda. Halafu kuna kansil taksi, ushuru wa nyumba wa kila mwezi, watu wanaisahau kwa bajeti. Ukiwa peke yako kabla familia ije omba upunguziwe robo, ni haki yako.

Milima iko, Bath imekaa kwa shimo kama bakuli, sasa ukiona nyumba ya bei nafuu angalia ni juu ya mlima gani kabla ushangilie. Desemba giza linaingia saa kumi jioni na wakati huo ndio soko la Krismasi linafanya mji usipitike, basi inatambaa, we umechelewa shifti. Unga wa ugali na mambo ya nywele panda treni mpaka Bristol, ni kama robo saa, uende Stapleton Road. Sukuma iko kwa kila supamaketi lakini wanaiuza ikiwa imekatwa vipande vikubwa na vijiti ndani, utazoea kuchambua.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningeenda. Ile hospitali kubwa ya huko, Royal United, iko Weston, nje kidogo ya katikati ya mji. Kama ndio hio, usitafute nyumba mjini kati hata wakuonyeshe picha ya aina gani. Tafuta Weston yenyewe, Newbridge, ama Twerton ng'ambo ya mto ambako bei hushuka kidogo, upate ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, kwa sababu basi za usiku si za kutegemea mtu wa shifti. Kwanza uliza hospitali kama ina vyumba vya wafanyakazi vya miezi ya mwanzo. Keynsham na Trowbridge watu wanaenda kwa ajili ya renti, sawa, lakini shifti ikiisha usiku sana utalala stesheni.

Na mzee wako akija mpeleke kwa ile nyasi ya Royal Crescent siku ya jua na chapati kwa mfuko. Birmingham hatakutajia tena.

*

Anti, mamangu ako na magoti yanamsumbua miaka sasa, hata kanisani hapigi magoti. Kuna mtu ametuambia tumpeleke Bogoria aoge yale maji, ati yana madawa, na tubebe ya kunywa kwa jerikeni. Kutoka huku Mbale ni safari. Ni kweli yanaponya? — Kijana wa Vihiga

Kijana, wewe ni mtoto mzuri lakini hio jerikeni iache nyumbani.

Maji ya uvuguvugu yanasaidia magoti, hilo hakuna anayebisha, misuli inalegea na mwili ndani ya maji unakuwa mwepesi, mama atatembea vizuri siku hio na pengine kesho yake. Hayaondoi ugonjwa. Hata Bath hio ninayosifu walijenga hospitali ya maji karne ya 18 ya watu wa baridi yabisi, maskini wakaletwa kutoka kila pembe, na leo wagonjwa wa magoti huko wanapewa dawa na mazoezi kama kwingine. Mpeleke mama kwa daktari wa mifupa na fiziotherapi kwanza.

Pili, Bogoria si mahali pa kuoga. Zile chemchemi zinachemka, watu wanachemsha mayai pale. Ukiteleza ni kuungua. Kuna hoteli kule Loboi yenye bwawa la maji ya asili ya uvuguvugu, hapo sawa, aingie polepole mtu akimshika, na kama ako na presha aulize daktari kabla. Kichwa kibaki nje. Siogopeshi mtu, lakini maji ya uvuguvugu ya ardhini yanaweza kuwa na kiamiba fulani kinachoingilia puani kinaenda kwa ubongo. Kilimuua msichana huko Bath 1978 baada ya kuogelea, na wakafunga. Huwezi amini, mji wenye jina la bafu ulikaa mpaka 2006 bila mahali pa watu kuoga maji yake yenyewe, mpaka wakachimba visima vipya na kujenga bafu jipya la kisasa. Yale ya Warumi mpaka leo ni ya kuangalia tu, ya kijani kibichi, usitie hata kidole.

Kuhusu kunywa sasa. Bath wanakuuzia glasi ya maji yenye madini 43, ladha ni kama umelamba msumari, unakunywa moja kwa ajili ya kusema umekunywa. Yetu ya Bonde la Ufa ni mambo mengine. Umeona watu wa Nakuru wenye meno ya kahawia? Si uchafu, wameonewa sana na hio, ni floraidi kwa maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita na maji mengi ya huku yanaruka hapo mbali, na mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanaota chini ya ufizi doa halitoki maisha yake yote. Ikizidi inaingia kwa mifupa. Kwa hivyo unataka kumpa mama mwenye magoti mabovu maji ya aina hio? Kuchemsha hakusaidii, floraidi inabaki na maji yanapungua. Kinachosaidia ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, teknolojia hio imetumika Nakuru miaka mingi.

*

Sasa kama ni maji moto sisi tuko nayo mpaka Homa Hills, mbona hatuna mji kama huo wa Wazungu? Ni ufisadi tu ama? — Jamaa wa Kondele, Kisumu

Ufisadi hauwezi kosa lakini leo acha tuupumzishe.

Angalia pahali maji yanatokea. Ya Bath yanatoka katikati ya mji, digrii 46, ukiyapoza kidogo unaingia. Ya Bogoria yanatoka yakichemka kando ya ziwa la magadi, mji mkubwa ulio karibu ni Nakuru na ni mwendo wa kama kilomita mia, na miaka ya juzi ziwa lilipanda likameza barabara na chemchemi zingine. Hata ungekuwa na pesa ungejenga wapi? Ya Elementaita ni madogo. Homa Hills kule Karachuonyo watu wanaoga tangu enzi za babu zao na wanayaheshimu, lakini hakuna reli iliyopita hapo, na hilo nadhani ndilo jibu kubwa. Miji yetu ilijengwa na reli: Nakuru 1900, Kisumu 1901, treni ilisimama pale ilipotaka maji ya boila na mahindi ya kubeba, haikuuliza nani anaumwa na mgongo.

Bath nayo ilipata bahati ya malkia. Malkia Anne alienda kuoga mwaka 1702 na 1703, matajiri wakamfuata, halafu jamaa mmoja mcheza kamari anaitwa Beau Nash akawa msimamizi wa starehe, akapiga marufuku panga mjini, akapanga nani anacheza densi saa ngapi. Yaani mji mzima ulikuwa na MC. Bila yule pengine ungebaki kijiji chenye kanisa kubwa.

Lakini usiseme hatuna kitu. Nenda Olkaria, Naivasha. Pale wamekuwa wakitoa stima kwa mvuke wa ardhi tangu 1981, na maji yanayobaki wakayatengenezea bwawa la kuogelea, ya bluu kama maziwa yametiwa wino, moshi unapanda, milima ya Hell's Gate imekuzunguka. Wazungu maji yao yanawaosha, yetu yanawasha taa halafu ndio yanatuosha. Mimi hio naipenda zaidi, na nimeoga kote.

Kile ningeiga kutoka kwao ni zile njia za kutembea. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, ya nne Kenya, na bado ukitaka kutoka mjini kwa miguu kwenda kuona ziwa ama kupanda Menengai unapigania barabara na matatu na nduthi. Kisumu mmepata ile sehemu ya kutembea kando ya ziwa, itunzeni, mkiwaacha waifunge na mabati tena msiniandikie.

*

Mume wangu amestaafu na anataka kununua ploti karibu na Elementaita kwa sababu ya maji moto, ati tutaoga kila asubuhi. Mimi nataka tubaki Kakamega. Tufanye nini? — Mama Watano, Lurambi

Mama, mwambie akapange nyumba huko miezi mitatu ya mvua kwanza, aoge kila asubuhi, tuone. Kama bado anataka, basi kabla ya kulipa chochote aende kwa wenyeji, si kwa brokar, aulize 2020 maji ya ziwa yalifika mti gani, kwa sababu maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda na watu wenye taitoli mkononi walilala kwa shule. Afanye sachi ya ardhi mwenyewe. Na achukue chupa ya maji ya kisima cha jirani aipeleke maabara ipimwe floraidi, haswa kama wajukuu watakuwa wanakuja likizo.